Toa USDT yako sokoni kabla mlango haujafungwa

Wafanyabiashara wengi wa dagaa na mabondo pale mwaloni Kirumba wanaoweka faida kwenye USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola, huiacha palepale waliponunulia, kwenye soko la kripto. Salio unaloliona humo ni deni unalolidai soko, unasubiri likulipe. Ni kama risiti ya magunia uliyoyaacha kwenye stoo ya mtu: akiyauza kimyakimya, risiti unabaki nayo, dagaa huna.

Ndivyo ilivyokuwa kwa soko la kripto la FTX. Ilianzishwa mwaka 2019 na Sam Bankman-Fried, na Januari 2022 ilithaminiwa dola bilioni 32. Pesa za wateja zilikuwa zikienda Alameda Research, kampuni yake nyingine, ambayo sehemu kubwa ya mali zake ilikuwa FTT, tokeni iliyobuniwa na FTX yenyewe. Tarehe 2 Novemba 2022 CoinDesk, tovuti ya habari za kripto, ilifichua mizania ya Alameda. Tarehe 6 mkuu wa Binance, soko jingine la kripto, akatangaza kwamba wanauza FTT zao, na wateja wakakimbilia kutoa. Tarehe 8 utoaji ukasimama, tarehe 11 kampuni ikaomba kufilisika. Aliyeanza kujifunza kutoa tarehe 8 hakupata kitu siku hiyo, kwa hiyo jifunze sasa, soko likiwa limetulia.

Anza na pochi yako mwenyewe, yaani programu ya simu ya kutunzia kripto bila kupitia soko. Pakua programu kupitia tovuti ya mtengenezaji, kamwe si kwa kiungo cha kwenye kundi la WhatsApp. Itakupa maneno 12 au 24, ambayo ndiyo ufunguo wa pesa zako. Yaandike kwa kalamu, kwa mpangilio wake, kwenye karatasi mbili utakazozitunza sehemu mbili tofauti. Usiyapige picha, maana picha za simu hupanda zenyewe mtandaoni. Usiyapeleke steshenari kulaminishwa pia. Anayeyasoma mara moja tu anaweza kuondoka na kila kitu. Unyevu wa ziwani huharibu karatasi, basi itie kwenye chupa kavu yenye kifuniko kinachobana. Kisha, kabla hujaweka hata dola moja, futa programu na uirudishe kwa maneno hayo. Ikikataa, umekosea kuandika, na ni heri ujue leo.

Sasa mtandao, yaani njia ambayo USDT hupitia. Anwani ya TRC20 (mtandao wa Tron) huanza na T. Za ERC20 (Ethereum) na BEP20 (BNB Smart Chain) zote huanza na 0x na hufanana kabisa, na hapo ndipo watu huumia, hasa wanaporudisha USDT sokoni kuuza: ukituma kwa BEP20 kwenye soko linalopokea ERC20 peke yake, mzigo unaweza usiingizwe kabisa kwenye akaunti yako. Mtandao unaouchagua wakati wa kutuma lazima uwe uleule ambao soko liliutaja pale lilipokupa anwani.

Ukitumia TRC20, hamishia na TRX, sarafu ya mtandao wa Tron, kidogo kwenye pochi; 30 zinatosha kuanzia. Bila TRX za kulipia makato, USDT utaiona lakini haitatoka.

Tuma dola 10 kwanza. Makato ya kutoa kwa kawaida hayategemei kiasi, kwa hiyo utakatwa mara mbili, kubali. Linganisha anwani nzima, herufi kwa herufi, kwa sababu kuna virusi vinavyobadilisha ulichonakili. Usinakili anwani kutoka kwenye orodha ya miamala ya nyuma: matapeli hutuma visenti kutoka anwani inayofanana na yako mwanzoni na mwishoni, wakingoja ukosee. Dola 10 zikifika, tuma zilizobaki.

Sokoni acha kiasi cha biashara ya wiki hiyo tu. Bodi ya Bima ya Amana hulinda amana za benki, haihusiki na masoko haya. Ukiona utoaji uliokuwa wa dakika unachukua siku, au soko linakushawishi ufungie pesa kwa riba kubwa, toa saa hiyohiyo; usingoje bei ipande.

Ukiuza kwa mtu kupitia soko, usiliruhusu soko liachie USDT kwa sababu ya meseji ya malipo tu. Fungua menyu ya M-Pesa uangalie salio lenyewe, na jina la aliyetuma lilingane na la akaunti ya mnunuzi. Yakitofautiana usiachie, fungua malalamiko ndani ya soko, maana pesa hiyo huenda ni ya mtu aliyeibiwa na laini yako ndiyo itakayofungiwa.