Kutoka uzamivu hadi leseni: namna ya kujiandaa kuwa mwanasaikolojia tiba nchini Marekani

Wengi wanaotaka kuwa wanasaikolojia tiba nchini Marekani huanza kufikiria chuo, halafu tasnifu, na leseni huiacha mwisho wakiamini kwamba itajileta yenyewe baada ya mahafali. Mpangilio huo ndio unaowagharimu. Leseni haitolewi na chuo wala na serikali ya shirikisho, bali na bodi ya jimbo, na kila bodi ina masharti yake kuhusu masomo, saa za kazi chini ya usimamizi, mitihani na saini inazotaka kuziona. Kwa hiyo kazi ya kwanza, hata kabla ya kuomba nafasi ya masomo, ni kusoma kanuni za bodi ya jimbo moja au mawili ambako unatarajia kufanya kazi, kisha kurudi nyuma ukijiuliza ni programu ipi itakayokufikisha huko bila kukuachia pengo la kuziba baadaye.

Katika kuchagua programu, suala la ithibati halina mjadala. Bodi nyingi huipokea bila maswali mengi shahada iliyotoka katika programu yenye ithibati ya APA, yaani Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani. Aliyesoma kwingine hulazimika kuthibitisha somo kwa somo kwamba mafunzo yake yanalingana na yanayotakiwa, na baadhi ya waajiri hawatamtazama kabisa. Baada ya hapo ndipo uamuzi kati ya PhD na PsyD unapokuja. Mkutano uliofanyika Boulder, Colorado, mwaka 1949 uliweka msimamo kwamba mwanasaikolojia tiba awe mtafiti na mtabibu kwa pamoja, na huo ndio msingi wa programu nyingi za PhD. Mkutano wa Vail wa mwaka 1973, katika jimbo hilohilo, uliipa nguvu PsyD, shahada inayoegemea zaidi kazi ya tiba. Zote mbili hufikisha kwenye leseni ileile. Tofauti kubwa kwa mwanafunzi iko mfukoni: programu za PhD katika vyuo vya utafiti mara nyingi humwondolea mwanafunzi karo na kumlipa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti, lakini huchukua watu wachache sana kila mwaka, ilhali wanafunzi wengi wa PsyD hujilipia wenyewe na kumaliza wakiwa na deni zito. Nionavyo mimi, deni hilo lipigiwe hesabu kabla ya kuomba, wala si baada ya kupokea barua ya kukubaliwa.

Kuna waraka mmoja ambao waombaji wengi huupita bila kuusoma. Kila programu yenye ithibati ya APA inatakiwa kuchapisha hadharani takwimu zake: wanafunzi huchukua miaka mingapi kumaliza, gharama ni kiasi gani, wangapi hupata nafasi ya utarajali, yaani mwaka wa mafunzo kazini karibu na mwisho wa masomo, wangapi huacha njiani, na asilimia ngapi ya wahitimu wana leseni. Anza na safu ya walioacha njiani, kwa sababu programu inayopoteza wanafunzi wengi kila mwaka huwa na tatizo ambalo picha za kijitabu chake hazitalionyesha. Kisha tazama kama waliopata utarajali waliupata kwenye vituo vyenye ithibati au popote tu. Asilimia ya leseni huhesabiwa kwa waliohitimu kati ya miaka 2 na 10 iliyopita, hivyo ikiwa ni ndogo, kisingizio kwamba wahitimu bado ni wapya hakisimami.

Maombi yenyewe hayahitaji maelezo marefu. Tarehe nyingi za mwisho huangukia Desemba, na waliokubaliwa katika vyuo vingi hupewa hadi tarehe 15 Aprili kutoa jibu. Kwa PhD, mwombaji huchaguliwa na profesa mmoja mmoja kwa kiasi kikubwa kuliko na idara, kwa hiyo barua yako ieleze waziwazi ni utafiti wa nani unaotaka kuuendeleza na kwa nini.

Saa, na namna ya kuziandika

Ukishaanza masomo, kitu kitakachokufuata hadi mbele ya bodi ni kumbukumbu za saa zako za mafunzo kwa vitendo. Zianze siku ya kwanza unapomwona mteja, na ziandikwe kila wiki, maana anayesubiri hadi mwisho wa muhula huishia kukisia.

Chukua siku moja ya kawaida. Asubuhi umewaona wateja watatu, kila mmoja dakika 50. Mchana umempima mtoto akili kwa muda wa saa mbili. Jioni umeandika ripoti kwa saa moja na nusu, kisha umekaa na msimamizi wako saa nzima. Kwa hesabu za APPIC, taasisi inayoratibu utarajali, vile vikao vitatu huhesabiwa kuwa saa tatu za tiba ya ana kwa ana, kwa sababu kikao cha dakika 45 hadi 50 huchukuliwa kuwa saa moja. Kumpima mtoto huingia chini ya tathmini. Kuandika ripoti ni kazi ya kusaidia tiba, wala haihesabiwi kuwa muda wa kukaa na mteja, na kikao na msimamizi kina safu yake. Hakuna saa inayoandikwa mara mbili. Ukiendesha tiba ya kundi la watu 12 kwa saa moja na nusu, umepata saa moja na nusu, si 18. Bodi ya jimbo inaweza kuwa na hesabu tofauti, hivyo weka dakika halisi pembeni ili uweze kuzipanga upya utakapohitajika.

Andika pia jina la kila kipimo ulichotumia na mara ngapi, pamoja na idadi ya ripoti jumuishi, yaani zile zinazounganisha historia ya mteja, mahojiano na angalau vipimo viwili. Majina ya wateja yasionekane popote katika daftari hilo. Umri, aina ya tatizo na mazingira ya huduma vinatosha. Jambo la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi: usiondoke kituoni bila saini ya msimamizi, namba yake ya leseni, na anwani itakayofanya kazi miaka mitano baadaye. Wasimamizi hustaafu, wengine hufariki, vituo navyo hufungwa, na bodi haiwezi kukubali saa ambazo hakuna mtu wa kuzithibitisha.

Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 ana hesabu nyingine ya kufanya. Mafunzo ya nje ya chuo yanayolipwa huhitaji kibali kiitwacho CPT, na anayetumia miezi 12 au zaidi ya CPT ya muda wote hupoteza haki ya OPT, kibali ambacho wengi hukitegemea kufanya kazi mwaka wa kwanza baada ya shahada. Kwa kuwa utarajali nao ni wa mwaka mzima, tarehe za kuanza na kumaliza zinatakiwa kupangwa na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa mapema, pengine kwa kupunguza siku chache. Vilevile ajue kwamba vituo vya Idara ya Masuala ya Wanajeshi Wastaafu, ambavyo ni miongoni mwa wafundishaji wakubwa wa wanasaikolojia nchini humo, kwa kawaida hutaka mtarajali awe raia wa Marekani. Orodha yake ya maombi iandaliwe akilizingatia hilo.

Utarajali

Mwaka wa utarajali huja karibu na mwisho wa masomo, na nafasi hugawanywa kwa utaratibu wa kuoanisha unaoendeshwa na kompyuta tangu mwaka 1999. Maombi hutumwa msimu wa vuli, usaili hufanyika hasa Desemba na Januari, kisha mwombaji na kituo kila mmoja hupanga orodha ya anaowapendelea, na matokeo hutoka Februari. Waliokosa huingia awamu ya pili, ambayo matokeo yake hutoka Machi. Utaratibu huu umeundwa kwa namna ambayo mwombaji hapotezi chochote kwa kusema ukweli: weka juu kituo unachokitaka kweli, hata kama unadhani hakikukupenda, kwa kuwa kukiweka juu hakupunguzi nafasi yako katika vile vya chini yake. Waombaji wanaojaribu kubashiri mawazo ya vituo hujidhuru bure.

Maombi 15 yaliyoandikwa kwa makini yana manufaa kuliko 30 yaliyonakiliwa. Barua ya kila kituo ionyeshe mafunzo gani mahususi ya kituo hicho yanaziba pengo gani katika uzoefu wako. Usipandishe saa zako. Mkurugenzi wa mafunzo wa chuo chako huzithibitisha, na wasomaji wa maombi hutazama zaidi ulifanya nini na nani ndani ya saa hizo. Tasnifu nayo iwe imefika mbali kabla ya kuondoka, angalau data ziwe zimekusanywa, kwa kuwa mtarajali anayefanya kazi ya muda wote hana jioni za kutosha kutafuta washiriki wa utafiti katika mji mwingine.

Baada ya shahada, majimbo mengi bado hudai saa zaidi chini ya usimamizi, na idadi hutofautiana. California, kwa mfano, hutaka saa 3,000 kwa jumla, ambapo angalau 1,500 ziwe za baada ya kukamilisha shahada, ilhali baadhi ya majimbo yamekwisha kuliondoa sharti la saa za baada ya shahada. Kabla ya kukubali nafasi, hakikisha msimamizi ana leseni inayotambuliwa na bodi yako, na kama bodi hutaka mkataba wa usimamizi usajiliwe kwanza, usianze kuhesabu hata saa moja kabla haujasajiliwa.

Mtihani

EPPP, mtihani unaotumiwa na bodi za majimbo yote, una maswali 225 ya kuchagua jibu, ambayo 175 tu ndiyo yanayopewa alama. Mengine 50 ni ya majaribio, na mtahiniwa hawezi kuyatofautisha. Muda ni saa 4 na dakika 15, yaani sekunde 68 kwa kila swali. Alama hutolewa kwa kipimo cha 200 hadi 800, na 500 ndiyo inayopendekezwa kwa anayetaka kufanya kazi bila usimamizi. Anayeshindwa anaweza kurudia, lakini si zaidi ya mara nne katika kipindi cha miezi 12. Tangu mwaka 2020 ipo pia sehemu ya pili inayopima ujuzi wa vitendo, ambayo imepokewa na baadhi tu ya bodi, kwa hiyo uliza bodi yako inataka nini mwaka utakaofanya mtihani.

Kosa la kawaida ni kusoma kwa kufuata hofu. Tathmini na utambuzi wa matatizo huchukua asilimia 16 ya maswali, na maadili, sheria na taaluma huchukua 16 nyingine; tiba na kinga huchukua 15. Takwimu na mbinu za utafiti, zinazowanyima wengi usingizi, ni asilimia 7 tu. Fanya jaribio kamili kabla hujafungua kitabu chochote, ujue ulipo, kisha gawa muda wako kwa kulinganisha uzito wa eneo na udhaifu wako ndani yake. Ukiwa umeajiriwa, tenga miezi mitatu au minne ya saa chache kila siku, na kila wiki ya mwisho wa mwezi ufanye jaribio zima kwa muda uleule wa mtihani, bila kusimama.

Maswali mengi hayapimi kumbukumbu bali mpangilio wa hatua. Tuseme wakili amekuletea hati ya wito akitaka kumbukumbu za mteja wako, nawe huna idhini ya mteja. Utafanya nini kwanza? Kuzituma ni kosa, na kuipuuza hati nako ni kosa, kwa sababu hati ya kisheria hujibiwa. Jibu linalotafutwa ni kuwasiliana na mteja na kudai haki yake ya siri hadi atoe idhini au mahakama iamuru. Ona kwamba kutii amri ya mahakama linaweza kuwemo kati ya majibu na likawa sahihi kwa wakati wake, lakini swali limeuliza la kwanza. Maneno kama "kwanza", "isipokuwa" na "linalofaa zaidi" yasomwe mara mbili.

Ambaye Kiingereza si lugha yake ya kwanza aulize kama bodi yake huongeza muda. Baadhi hufanya hivyo, lakini ombi hutakiwa kuwasilishwa kabla ya kupanga tarehe. Na pale kanuni zinaporuhusu, fanya mtihani mara baada ya shahada, usisubiri saa zote zitimie, maana nadharia husahaulika haraka kazi inapokolea.

Majimbo mengi huongeza mtihani wa sheria za jimbo, na huu watu huudharau kwa sababu ni mfupi. Tazama suala la mteja anayetishia kumdhuru mtu. Mahakama Kuu ya California, katika kesi ya Tarasoff iliyoamuliwa mwaka 1976, iliweka wajibu wa kumlinda anayetishiwa. Mahakama Kuu ya Texas mwaka 1999 ilikataa kuweka wajibu wa namna hiyo wa kumwonya. Aliyejifunzia California akahamia Texas akijibu kwa mazoea atakosea, katika mtihani na, vibaya zaidi, ofisini.

Hatimaye faili: nakala rasmi za matokeo kutoka chuoni, cheti cha utarajali, fomu za wasimamizi, alama za mtihani zinazotumwa moja kwa moja kwa bodi, na alama za vidole kwa ajili ya ukaguzi wa rekodi za jinai. Vingi kati ya hivi lazima vitumwe na aliyevitoa, si wewe, kwa hiyo piga simu wiki mbili baada ya kila ombi kuuliza kama vimefika. Anayefikiria kuhama au kutibu kwa njia ya mtandao aangalie kama jimbo lake limo katika mkataba wa PSYPACT, unaomruhusu mwenye leseni ya jimbo moja mwanachama kuhudumia kwa mbali wateja walio katika mengine wanachama, na aweke nakala za nyaraka zake zote hata baada ya leseni kutoka, kwani bodi ya jimbo jipya huweza kuziomba upya kuanzia saa ya kwanza ya mafunzo.