Namna ya Kumuuliza Mbunge Wako Kuhusu Bima ya Afya, Yake na Yako

Huku kwetu Newala, Tandahimba na Masasi, msimu wa korosho ukikaribia huwakosi watu wanaouza korosho zao kwa kangomba, yaani biashara isiyo rasmi inayofanyika nje ya minada, zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ndani kuna mgonjwa na ugonjwa haungoji mnada wa Oktoba. Mama yangu mdogo alifanya hivyo mwaka ambao kadi yake ya CHF, Mfuko wa Afya ya Jamii, ilikuwa hai na imelipiwa. Alisimama dirishani, akaonyesha kadi, akaambiwa dawa aliyoandikiwa haipo, akanunue nje. Hela ya kununulia nje hakuwa nayo, na mnunuzi wa kangomba alikuwa nayo. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wa Mtwara na Lindi wanaotaka kumuuliza mbunge wao swali la bima ya afya kwa namna ambayo haitajibiwa kwa maneno matupu, na ninaanza na bima ya mbunge mwenyewe, kwa kuwa nimeona kwamba swali likianzia hapo, mazungumzo yote hubadilika.

Kabla ya kumuuliza yeye, ifahamu kwanza kadi yako. CHF iliyoboreshwa, iliyoanza kuenea nchini mwaka 2018, iliiandikisha kaya ya watu sita kwa shilingi 30,000 kwa mwaka katika mikoa kama yetu, na huduma yake ilianzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, ambayo kwa Mtwara ni Ligula na kwa Lindi ni Sokoine, mradi mgonjwa apite ngazi zote kwa barua ya rufaa. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 ukiwalenga watumishi wa umma: asilimia 6 ya mshahara huingia kwenye Mfuko, asilimia 3 ikikatwa kwa mtumishi na asilimia 3 ikilipwa na mwajiri. Fanya hesabu hii kwa kalamu. Mwalimu anayelipwa shilingi 600,000 kwa mwezi anakatwa shilingi 18,000, na mwajiri anaongeza shilingi 18,000, hivyo kwa mwaka zimeingia shilingi 432,000 kwa ajili yake, mwenzi wake na wategemezi wao, ambapo yeye mwenyewe ametoa nusu tu.

Sasa rudi kwenye shamba lako. Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulipofikishwa bungeni Septemba 2022, viwango vilivyotajwa kwa walio nje ya ajira rasmi vilikuwa shilingi 340,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita na shilingi 84,000 kwa mtu mmoja. Kwa mkulima anayeuza kilo kwa shilingi 2,000, hizo 340,000 ni kilo 170 za korosho, yaani magunia mawili na zaidi, kabla hujahesabu salfa, palizi na makato ya chama cha msingi, na hakuna mwajiri wa kubeba nusu. Kiwango kinachotumika sasa kijijini kwako mwulize afisa mwandikishaji, akuandikie pamoja na orodha ya huduma zilizomo kwenye kitita, kisha uirudie hesabu hii kwa bei ya msimu wako. Usiende mkutanoni bila namba hizi, kwa sababu anayezungumza bila namba hujibiwa kwa huruma.

Kwa nini tuanze na bima ya mbunge? Kwa sababu mbunge ndiye anayepiga kura juu ya kadi yetu, na stahili zake, matibabu yakiwemo, zinagharamiwa na fedha za umma kupitia Ofisi ya Bunge. Maana yake ni kwamba mwajiri anayemchangia ni sisi tunaokatwa kodi kwenye sukari, mafuta ya taa na miamala ya simu. Swali hili si geni duniani, wala si la utovu wa adabu. Nchini Marekani, sheria ya bima ya afya iliyosainiwa Machi 2010 ina kifungu, kilichotokana na hoja ya Seneta Chuck Grassley, kinachowataka wabunge wa huko na watumishi wa ofisi zao wapate bima yao kupitia masoko yaleyale ya bima yaliyoanzishwa na sheria hiyo. Tangu mwaka 2014 wamekuwa wakijiandikisha kupitia soko la mji mkuu, Washington. Lakini ubishi haukuishia hapo, kwa kuwa serikali iliendelea kuwachangia sehemu kubwa ya ada, karibu asilimia 72, kama ilivyokuwa ikifanya kabla. Wapinzani wakasema huo ni upendeleo ambao mwananchi anayejinunulia bima katika soko hilo haupati. Watetezi wakajibu kwamba mwajiri yeyote mkubwa humchangia mtumishi wake. Kwetu sisi somo lake ni la vitendo: kuuliza mbunge anatumia kadi gani hakutoshi, ni lazima uulize pia nani anailipia na kwa kiasi gani.

Hapa nyumbani tulipata fursa ya kuitazama sura nyingine ya jambo hili mwaka 2017, baada ya Tundu Lissu, aliyekuwa mbunge wa Singida Mashariki, kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba na kupelekwa Nairobi kwa matibabu. Mabishano makali yalizuka juu ya nani alipe gharama, na Ofisi ya Bunge ikasimamia hoja ya utaratibu wa rufaa kwa matibabu ya nje ya nchi. Uwe upande wowote katika siasa, jambo moja lilidhihirika: matibabu ya mbunge yana utaratibu wake, una ngazi na masharti, na utaratibu unaotumia fedha za umma mwananchi anayo haki ya kuuliza unasemaje.

Hapo naomba uwe mwangalifu sana. Uliza juu ya bima, usiulize juu ya ugonjwa. Afya ya mtu ni siri yake, awe mbunge au mvuvi wa Mikindani, na mtu akianza kumhoji Mheshimiwa kwamba alikwenda kutibiwa nini na wapi, mkutano utamgeuka muulizaji, na kwa haki kabisa.

Kuliandika swali

Liandike swali lako kwenye karatasi, hata kama wewe ni msemaji hodari. Bungeni kuna swali la msingi na maswali ya nyongeza, na ni vizuri tuige mtindo huo: swali moja kuu, na la nyongeza moja ulilolitunza mfukoni. Mtu akimwaga maswali sita kwa pumzi moja, mbunge hulichagua lile jepesi, akalijibu kwa dakika kumi, kisha muda ukaisha.

Swali kama «Mheshimiwa, mbona bima yetu haina maana?» ni kilio cha kweli, lakini halina pa kushika. Nililiuliza swali la namna hiyo mwaka ule wa mama mdogo, nikiwa na uchungu, na jibu nililopata ni «tumelipokea, linafanyiwa kazi». Mwaka uliofuata nililiandika upya, na leo ningelisoma hivi: «Mheshimiwa Mbunge, shikamoo. Naomba utueleze, kadi ya matibabu unayotumia wewe na familia yako inalipiwa na nani na kwa kiasi gani kwa mwaka, na je, uko tayari kuandikishwa katika kitita kilekile cha msingi ambacho Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote inatutaka sisi wa Kitangari tuandikishwe?» Swali hili lina vipande vitatu, na kila kipande kinajibiwa kwa jina, kwa namba, au kwa ndiyo na hapana.

La nyongeza liwe la mahali unapoishi, si la taifa zima. Mtu wa Liwale aulize juu ya rufaa, kwa sababu safari ya kutoka Liwale hadi Sokoine ina gharama ambayo kadi haiilipi, na mgonjwa anayehitaji kuendelea hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, anahitaji kujua kadi yake inaishia wapi. Mtu wa Ndanda au Nyangao aulize juu ya hospitali za misheni, ambazo zimetutibu tangu enzi za babu zetu: je, mkataba wa hospitali hiyo na Mfuko uko hai, na bei ambazo Mfuko unamlipa mtoa huduma zinatosha? Hili si la kubuni. Machi 2024 hospitali kadhaa za binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa Mfuko kwa sababu ya mvutano juu ya bei za kitita kipya, na mwenye kadi akabaki nayo mkononi.

Andamanisha ushahidi: nakala ya risiti ya dawa iliyonunuliwa nje, tarehe, jina la dawa kama lilivyoandikwa, na idadi ya kaya zilizopatwa na hali hiyo katika kitongoji chako. Waombe ruhusa wenyewe kabla ya kutumia risiti zao, na majina yafunikeni.

Pa kuulizia

Mkutano wa hadhara wa mbunge ndio watu wengi huukimbilia, lakini mimi ninauweka mwisho. Anza na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe wake, kwa sababu pale kuna muhtasari, na jambo likiandikwa kwenye muhtasari haliwezi kusemwa baadaye kwamba halikusemwa. Omba azimio fupi. Kutoka hapo diwani alipeleke kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kisha Baraza la Madiwani, ambamo mbunge naye ni mjumbe. Swali lililopita njia hiyo humfikia likiwa la kata nzima, si la mtu mmoja aliyekasirika.

Wakati huohuo peleka barua ofisi ya mbunge jimboni. Ipeleke kwa mkono, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ikiwa unataka kujua utaratibu wa matibabu ya wabunge kwa maandishi, mwandikie Katibu wa Bunge ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Namba 6 ya mwaka 2016, inayompa raia haki ya kuomba taarifa na kumtaka mwenye taarifa ajibu ndani ya siku 30. Andika kwa lugha ya heshima, taja unachokitaka kwa sentensi moja, usieleze manung'uniko humo.

Wakati una uzito wake. Bunge la bajeti huanza Aprili na kwisha Juni, kwa hiyo barua inayofika Februari ina nafasi ya kugeuzwa swali la msingi kwa Waziri wa Afya, na inayofika Julai hukuta fedha zimekwisha kupangwa. Mbunge wako akikubali kuuliza, mwombe akutajie kikao, kisha fuatilia majadiliano hayo kwenye Taarifa Rasmi za Bunge, zinazopatikana katika tovuti yake. Kijana yeyote mwenye simu anaweza kukusomea.

Na usidhani maswali ya bungeni hayabadilishi kitu. Muswada ule wa 2022 uliahirishwa Novemba mwaka huohuo, hoja kubwa ikiwa ni fedha za kuwagharamia wasio na uwezo zitatoka wapi. Uliporudi na kupitishwa tarehe 2 Novemba 2023, ulikuwa umetaja mfuko wa kuwagharamia watu hao na vyanzo vyake, ushuru wa baadhi ya bidhaa kama vinywaji ukiwamo. Kuna watu waliong'ang'ania swali moja, na sheria ikatoka tofauti.

Majibu utakayopewa

Ukiambiwa «mchakato unaendelea», uliza umefikia hatua gani na nani anaushikilia leo. Ukiambiwa «serikali yenu ni sikivu», shukuru, kisha soma tena kipande cha swali ambacho hakijajibiwa, kwa sauti ileile, bila kupandisha. Ukiambiwa kwamba bima ya mbunge inatokana na majukumu yake mazito, hilo ni jibu la kweli kwa sehemu, kwa kuwa anasafiri sana na anaishi mbali na jimbo; lakini uliza kama majukumu hayo yanahusu pia kitita cha watoto na mwenzi wake. Mbunge anaweza pia kusema yuko tayari kuingia kwenye kitita cha msingi. Hapo usishangilie kwanza. Mwombe alitamke mbele ya mtendaji wa kijiji aliandike, na mwulize ataandikishwa katika zahanati ipi ya jimbo.

Nikiri kwamba mimi sitaki mbunge apunguziwe matibabu. Ninataka dirisha la dawa analolitegemea mama mdogo liwe dirisha ambalo mtu mwenye kura bungeni naye amesimama mbele yake na kulijua.

Baada ya mkutano, chukua daftari, andika tarehe, swali, jibu kama lilivyotamkwa, na majina ya watu watatu waliolisikia. Mpe nakala mwenyekiti wa kitongoji na katibu wa chama cha msingi, kwa sababu wao ndio watakaokuwa nalo mbunge atakaporudi kabla ya minada kufunguliwa, na swali la kwanza la siku hiyo litakuwa ni kusoma jibu lake la mwaka jana.