Barafu, maji na mvuke katika chombo kimoja, kwa pampu ya fundi wa friji

Mpwa wangu anafundisha fizikia hapa Malindi. Aliniomba pampu ya vakyumu ninayotolea hewa kwenye friji na AC, wanafunzi wake waone maji yakichemka na kuganda kwa wakati mmoja. Tulianza adhuhuri, tukafaulu magharibi.

Maji safi, barafu yake na mvuke wake hutulia pamoja kwenye nyuzi 0.01 za Selsiasi na presha ya paskali 611.66 tu. Kwenye geji ya mikroni, ile tunayopimia presha ndogo sana ya vakyumu, ni kama 4,590.

1. Tumia chombo cha vakyumu cha maabara, na uvae miwani. Chupa ya jemu hapana kabisa! Hupasukia ndani, vigae vikaruka.

2. Chemsha maji ya mvua, yaache yapoe. Ya kisima chenye chumvi huchelewa kuganda.

3. Pima kijiko kimoja cha chai, basi. Hapa ndipo jua lilipotuchwea. Tulitia nusu glasi. Maji yakachemka vizuri, kisha geji ikakwama juu. Nikashuku panavuja. Nikapaka grisi mpira wa kuziba, nikabadilisha paipu, nikarudia mara tatu. Kumbe kosa ni wingi wa maji: kwa presha hiyo, gramu moja ikigeuka mvuke hujaza zaidi ya lita 200, na pampu lazima iuvute wote. Oili ya pampu ilikuwa imeshakuwa nyeupe kama tui, na oili yenye maji haivuti. Nikaimwaga, nikatia mpya.
Yatie maji kwenye kifuniko kipana, juu ya kipande cha boksi jeupe la samaki, ili joto la chini lisiyafikie. Paipu iwe fupi na nene. Geji ya bluu, ile ya kupimia gesi ya friji, iache kwenye mkoba: kwenye presha ndogo hivi sindano yake haitofautishi kitu. Mimi naamini geji ya mikroni ya dijitali peke yake.

4. Washa. Maji ya nyuzi 28 huanza kuchemka presha ikishuka karibu na paskali 3,800. Kila mvuke unaotoka huondoka na joto, kwa hiyo yanajipoza yenyewe. Geji ikishuka chini ya 4,590 na bado hakuna barafu, usizime. Maji matulivu huweza kupoa chini ya sifuri, kisha yakaganda ghafla. Utando ulipotanda huku mapovu yakiupasua, mpwa wangu alipiga kelele: "Mjomba, yachemka na yaganda!" Hapo hapo funga valvu. Barafu na maji vikiwapo pamoja, geji hukaa karibu na 4,590. Ikipanda mfululizo, sasa ndiyo utafute panapovuja.

5. Mwaga oili ingali moto.

Kwa mafundi wenzangu: maji yaliyobaki kwenye paipu za friji huganda vivyo hivyo ukivuta kwa haraka. Barafu hutoa mvuke polepole, geji ikasoma vizuri nawe ukajaza gesi juu ya unyevu. Pasha paipu joto, funga valvu, subiri dakika 10, usome tena.