Kusoma kisukuku cha jani

Mimi huanza na ukingo, umbo baadaye. Lilaze jiwe lenye alama ya jani la kale, mulika tochi kutoka ubavuni mpaka mishipa ya jani itupe vivuli. Sasa fuata ukingo kwa lenzi: una meno kama msumeno, au ni laini? Jani moja halitoshi hata liwe zuri vipi. Kusanya majani ya aina nyingi za mimea kutoka tabaka lilelile la mwamba, maana kwa pamoja hudokeza hali ya hewa ya zamani. Wataalamu wa mimea Bailey na Sinnott walionyesha mwaka 1915 kwamba kadiri hali ya hewa ilivyo baridi, ndivyo miti mingi ya majani mapana huwa na meno. Mishipa ya pembeni ikinyooka hadi ncha za meno, wafikirie jamaa wa mwaloni au mbetula, miti ya majani mapana. Na usiharakishe kuandika “imetoweka”: metasekuoia, mti wenye koni, ilielezwa kutokana na visukuku mwaka 1941, kisha ikatambuliwa China ikiwa hai.