Wageni kwenye shamba la vanila: chora njia kwanza

Huku Bukoba marando ya vanila hupanda miti chini ya kivuli cha migomba, na ukifika ukingoni mwa mteremko unaliona Ziwa Victoria. Si ajabu wageni wanakuja, tena wanalipa. Ila ukiwafungulia shamba bila kuandaa njia, utakipata hicho kiingilio na kupoteza vanila.

Mizizi ya vanila haiendi chini. Inatambaa ndani ya matandazo, karibu kabisa na juu. Inua majani makavu taratibu utaiona, minene na myeupe. Mgeni anayesogelea mti apigwe picha anaikanyaga, na mzizi uliopondeka ni mlango wa fusari, ukungu unaoozesha mizizi. Mama mmoja alinionyesha marando yaliyosinyaa katikati ya masika. "Bwana shamba, hili jua limetoka wapi?" Tukafunua matandazo: mizizi ya kahawia, laini kama ugali wa jana. Njia ya watalii ilipita hapohapo.

Kwa hiyo chora njia katikati ya mistari, mbali na mashina, na ufunge kamba za migomba pande zote mbili. Langoni weka brashi na beseni la maji. Anayetoka shamba jingine asugue soli kabla ya kuingia, asituletee ukungu huo. Wengine watanuna. Wanune.

Msimu wa maua wageni waje asubuhi. Ua hufunguka alfajiri na kunyauka siku hiyohiyo, na huku kwetu lisipochavushwa kwa mkono halizai. Waonyeshe kwa kijiti: pasua ua upande, inua kile kiwambo chembamba, bonyeza chavua kwa kidole gumba. Mbinu hii aliigundua Edmond Albius kisiwani Réunion mwaka 1841, akiwa mtumwa wa miaka 12 hivi. Anayetaka kujaribu mpe ua la ziada, kwani kwenye kila kishada unachavusha maua machache tu, mengine unayaacha. Asivunje rando, utomvu wake unawasha ngozi.

Halafu kuna swali lisilokosekana: "Mbona hainukii?" Ganda bichi halina harufu ile. Huja baada ya kuchovya maganda kwenye maji ya nyuzi 65 hivi kwa dakika tatu, kuyafunika kwa mablanketi yatoe jasho, kisha kuyaanika kwa wiki kadhaa. Weka machache yaliyokauka kwenye chupa yenye kifuniko, uifungue mwisho wa matembezi, karibu na meza unayouzia.