Kompyuta Ikiganda, Usikimbilie Kitufe cha Kuzima

Kwa wiki mbili kompyuta yangu ya Linux ilikuwa ikiganda kila asubuhi, dakika chache tu baada ya kuingia. Mshale unasitasita, kisha kimya, hata saa ya kwenye skrini imesimama. Nami nabana kitufe mpaka izimike, nawasha tena. Kumbe kila nikizima namfungulia mlango mshukiwa atoroke.

Siku hizi nikiona imeganda nabonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Mara nyingi kilichokwama ni madirisha tu, mfumo wenyewe u hai. Vuta subira hata dakika nzima, maana diski ikielemewa ile skrini nyeusi huchelewa kuja. Ingia kwa jina na nywila yako, andika top, amri inayoorodhesha michakato, yaani programu zinazoendeshwa.

Wengi hapo hukodolea macho safu ya CPU. Yangu ilikuwa karibu imelala! Jibu lilikuwa mstari wa juu, kwenye herufi "wa": sehemu ya muda ambao kichakataji kinakaa bure kikingoja diski. Ilikuwa imepita asilimia 80. Kisha tazama safu ya S. Mchakato wenye herufi D umezama katika kungoja, kwa kawaida unangoja diski, na hata kill -9, amri ya kuua mchakato kwa nguvu, haiushtui mpaka ungojacho kirudi. Nilirudia amri hiyo mara nyingi, kazi bure.

Kujua nani anaichosha diski, tumia sudo iotop -o (huenda ukahitaji kuisakinisha kwanza). Kwangu alikuwa tracker-miner-fs-3, mpekuzi wa GNOME (mazingira ya madirisha ya Linux) anayeorodhesha mafaili ili utafutaji uwe wa haraka. Nikamsimamisha kwa upole:

systemctl --user stop tracker-miner-fs-3.service

Baada ya muda mfupi nikarudi kwenye madirisha, mshale unateleza.

Lakini usifurahi ukamfungia moja kwa moja. Niliendesha lsof -p (huonyesha mafaili ambayo mchakato umeyafungua) na namba ya mchakato siku iliyofuata, nikaona anahangaika ndani ya folda moja: nakala zangu za zamani, vifaili vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, nilivyovitupa humo kwa mikono yangu. Nikaweka faili tupu liitwalo .nomedia ndani ya folda hiyo, naye huiruka.

Ukikuta kswapd0 ndiyo iko juu, iache. Hiyo ni sehemu ya kiini cha mfumo, haiuliki, na inakuambia RAM imejaa. Funga kinachoila, kwa kawaida kivinjari chenye vichupo vingi.

Na kama hata Ctrl, Alt na F3 imegoma, ukishawasha upya soma journalctl -b -1 -p err, kumbukumbu ya makosa ya kikao kilichopita. Ukiona I/O error, yaani hitilafu ya kusoma au kuandika, ikijirudia kwa diski ileile, achana na michakato. Nakili mafaili yako kwingine kwanza, leo hii.