Mchaichai umejaa ndoo? Ugawe, usiuhamishie chombo kikubwa

Mchaichai ukikaa kwenye ndoo miaka miwili mitatu bila kuguswa, unajibana wenyewe. Majani yanakuwa membamba, katikati panabaki vishina vikavu vya kahawia, na ukimwagilia maji yanapita pembezoni na kutokea chini papo hapo, udongo wa ndani haujaonja hata tone. Wengi tukiona hivyo tunatafuta ndoo kubwa zaidi. Nilifanya hivyo kwa mchaichai niliopewa na bibi yangu Ujiji. Ule moyo uliokufa ulibaki katikati ukishika maji, ukaoza, na uozo ukaingia kwenye machipukizi mazima. Niliokoa machipukizi manne tu. Hayo ndiyo yaliyozaa ndoo sita zilizopo leo barazani kwangu hapa Mwanga, mjini Kigoma, na tangu hapo nagawa kabla mmea haujafika hali ile.

Kwa Kigoma, wakati mzuri ni mvua za kwanza, Oktoba kuingia Novemba. Hewa ina unyevu na mizizi mipya inatoka haraka. Kiangazi pia inawezekana, mradi uwe na kivuli na usikose maji.

Jana yake: mwagilia na kata majani

Jioni ya siku moja kabla, mwagilia hadi maji yatoke chini. Udongo mkavu hubomoka na kukatika pamoja na mizizi. Kisha kata majani yote, ubakize kama shibiri moja kutoka kwenye udongo. Usiyaonee huruma: mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kunywesha majani marefu. Vaa nguo ya mikono mirefu, kwa sababu ukingo wa jani unakata kama wembe. Majani mazuri yafunge mafungu, yaanike kivulini, utayatumia kwenye chai.

Kuutoa

Laza ndoo ubavu, iviringishe huku ukiigongagonga pande zote, halafu shika mashina yote kwa pamoja na uvute. Ukikataa, pitisha kisu kirefu kati ya udongo na ukuta wa ndoo. Kama umepandwa kwenye dumu na mizizi imelitunisha, lipasue tu. Dumu utapata jingine.

Kugawa

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, usiharakishe. Weka bonge chini, litikise, limwagie maji mpaka uone mashina yanavyokaa. Utaona duara: pembeni machipukizi manene, meupe chini, yenye wekundu kidogo, katikati mabua makavu ambayo ukiyabonyeza yanaingia ndani. Anayejua kutoa mtoto wa mgomba ataelewa haraka. Unachotafuta ni chipukizi lenye mizizi yake lenyewe.

Anza kwa mikono. Ingiza vidole gumba viwili kati ya mashina na uyafungue kama unavyopasua chungwa. Pasipofunguka, tumia panga lililonolewa na kuoshwa kwa sabuni, ukate mara moja kutoka juu kwenda chini. Kukatakata kwa panga butu kunaacha vidonda vingi, na vidonda ndivyo vinavyooza. Kila fungu liwe na machipukizi matatu hadi matano. Chipukizi moja linashika pia, ila utasubiri sana.

Moyo wa katikati tupa kwenye mboji, hata kama una majani mawili matatu ya kijani. Najua unauma kuutupa, lakini ndio ulioniponza mimi.

Mizizi iliyozunguka kama kamba ifumue, mirefu sana ipunguze kwa theluthi moja. Iliyo laini na yenye harufu mbaya ondoa yote.

Chombo na udongo

Dumu la mawese la lita 20 lililokatwa juu linafaa kabisa, ila lioshe kwa maji ya moto na majivu mpaka mafuta yaishe. Dumu lililokuwa na dawa za shamba usilitumie, mchaichai unanywewa. Toboa matundu manane kwa msumari wa moto, mengine chini na mengine ubavuni karibu na kitako.

Usiweke kokoto chini. Tumezoea kuambiwa zinasaidia maji kutoka, kumbe maji husimama kwanza kwenye udongo ulio juu ya kokoto, na mizizi inakaa kwenye tope. Kipande cha neti kuukuu juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke.

Changanya karai mbili za udongo wa juu, moja ya mchanga na moja ya samadi iliyooza. Udongo mwekundu mtupu ukikauka ndani ya ndoo unakuwa tofali. Samadi ishike mkononi: ikiwa bado ina joto au inanuka, iache, itaunguza mizizi. Nyuzi zinazobaki baada ya kukamua chikichi usizichanganye zikiwa mbichi, mafuta yake yanakataa maji.

Kupanda

Panda kina kilekile cha mwanzo. Mstari ambapo weupe wa shina unakutana na alama ya udongo wa zamani ndio kipimo. Shindilia kwa vidole, acha nafasi ya vidole vitatu juu ya udongo, kisha mwagilia taratibu mpaka maji yatoke chini.

Weka kivulini siku saba hadi kumi, halafu sogeza juani kidogo kidogo. Ncha za majani yaliyokatwa zitakauka, usishtuke. Angalia katikati ya shina: jani jipya likichomoza, mizizi imeshika. Mbolea subiri mwezi mmoja.

Mafungu yaliyozidi yafunge kwenye kiroba chenye unyevu na umpelekee jirani kabla ya siku mbili hazijaisha. Mchaichai wetu hautoi maua ila kwa nadra, kwa hiyo njia ya kuupata ni hii ya kupeana machipukizi.

Usivune mpaka mashina mapya yawe manene kama kidole. Ukianza, kata majani ya pembeni kwa kisu. Ukiyavuta, chipukizi zima linakuja na mizizi yake.